Kona za Marehemu

Inspekta hakuja kupeleleza kitu. Alikuja kutoa taarifa tu, na hilo ndilo lililomkera baadaye kila alipolikumbuka. Upelelezi ulikuwa umekwisha, kesho asubuhi mtuhumiwa angesomewa shtaka la mauaji, na yeye alipitia nyumbani kwa marehemu kumjulisha mjane kama ustaarabu unavyotaka. Tena alikuwa amebeba salamu moja ambayo alijua fika haitapata wa kuipokea.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Ndugu wawili, tumbo moja, karakana moja. Kazi yao kupamba nyumba za watu kwa mbao: mikanda ya dari, skatingi zinazozunguka chini ya ukuta, na zile fremu za ukutani zinazoifanya sebule ya kawaida ijione ikulu. Mkubwa aliitwa Milimita, maana makosa ya wenzake aliyapima kwa milimita na kuyatangaza kwa kilomita. Mdogo wake aliitwa Taratibu, na ukimwona anavyopiga msasa huulizi kwa nini.

Mwezi uliopita mkanda mzito wa dari walioufunga kwa muuguzi mmoja mstaafu ulibanduka, ukamwangukia akiwa kwenye kochi lake, akafa palepale. Siku iliyofuata majirani wa karakana wakasikia ndugu hao wakitoleana maneno makali, mpaka mashine zikazimwa ili watu wasikilize vizuri. Asubuhi yake Milimita hakuonekana. Lilipatikana shati lake, limelowa damu yake, limesukumwa chini ya meza ya mdogo wake. Mwili haukupatikana, na Taratibu hakuwa na mtu wa kusema alikuwa wapi usiku ule. Inspekta akamtia pingu kwa mikono yake mwenyewe, akalala usingizi mzuri.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni pamoja na Sajini, mwanamume mnene mwenye pumzi fupi na maneno mengi. Mjane akawafungulia. Alikuwa amejifunga nguo nyeusi na uso ameukaza, akawakaribisha kwa sauti ya mtu anayeomba wageni wasikae sana.

Sebuleni, kwenye kiti chenye mto, alikuwa amekaa mama mzaa chema, mama wa hao ndugu wawili. Kiti chake kilikuwa karibu kabisa na ukuta, na bega lake limeuegemea.

"Shikamoo, mama," Inspekta akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mmeupata mwili?"

"Bado, mama."

"Basi mmekuja kufanya nini?"

Inspekta alikuwa amezoea kuuliza, si kuulizwa. "Kesho Taratibu anapelekwa mahakamani. Nimemwacha mahabusu sasa hivi. Ameniomba nikufikishie shikamoo yake. Na anaomba uje kesho, hata kama hutasema naye, akuone tu."

Mama mzee hakutikisika. "Hiyo shikamoo irudishe ulikoitoa. Nilizaa wawili. Mmoja ameuawa, na aliyemuua simjui."

Hata Sajini, ambaye hata kwenye maziko huwa na la kuongeza, aliinamia kofia yake. Inspekta akatafuta mahali pa kuyaweka macho yake, na kwa bahati mbaya ya mtu fulani, akayaweka ukutani.

Ukuta ulikuwa umependeza. Fremu za mbao za rangi ya asali zimepangwa kwa safu, kila moja na ukubwa wake sawa na jirani yake, chini skatingi pana, juu mkanda wa dari. Kazi ya mtu anayejua. Tatizo ni kwamba mara ya mwisho Inspekta kusimama hapo, siku walipoipekua nyumba baada ya shati kupatikana, ukuta huo ulikuwa mtupu kama kiganja. Kilichokuwapo ni mlango mmoja tu, mbaya, wa kijani, na Sajini aligonga kichwa kwenye fremu yake.

"Hapa si palikuwa na mlango?" akauliza.

"Wa stoo," mjane akajibu haraka. "Nimeuziba. Stoo yenyewe ilikuwa ya makopo ya rangi tu. Marehemu alikuwa ameshaziandaa hizi mbao, nikaona zisiharibike bure."

"Ukamweka nani?"

"Fundi mmoja wa kupita."

"Anaitwa nani?"

"Hakutaja jina. Alikuwa na haraka."

"Alikuwa na haraka," Sajini akarudia, huku akizihesabu fremu kwa kidole, "halafu akapiga kazi hii? Mimi kabati la jikoni kwangu limechukua mwaka, na mlango haufungi mpaka leo."

Mjane akacheka kidogo, kicheko kilichoishia kwenye meno. Inspekta hakucheka. Alikuwa ameshainuka na kusogea kwenye pembe ya ukuta, pale skatingi ya upande mmoja inapokutana na ya upande wa pili, akachuchumaa.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Taratibu alikuwa mtuhumiwa wa ajabu. Ukimuuliza habari za damu anakujibu habari za mbao, mpaka Inspekta akaamini anajitia wazimu. Siku moja aliulizwa waligombania nini, akaanza na kona. Kaka yake, alisema, kona ya ndani anaikata mshazari mbao zote mbili, zije zikutane pua kwa pua. Yeye Taratibu anachonga ncha ya ubao mmoja ifuate umbo la mwenzake, uulalie vizuri, hata nyumba ikitikisika pasifumuke. Njia ya kaka ni ya haraka, ila nafasi hubaki. Basi kaka huchanganya unga wa mbao na gundi nyeupe, anatia na chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi ili rangi ioane, kisha anajaza. "Mafundi wote wanamcheka," Taratibu alisema. "Eti anazinywesha mbao chai. Hakuna mwingine anayefanya hivyo, hata mimi sifanyi." Halafu, bila kuinua sauti, akaongeza kwamba hata ule mkanda uliomuua muuguzi kaka aliubandika kwa gundi peke yake, bila skrubu hata moja, na kwamba walichogombania ni hicho: yeye alitaka waende kusema. Inspekta aliyaandika hayo yote na hakuyaamini.

Sasa alikuwa anaitazama kona. Mbao zote mbili zimekatwa mshazari. Katikati yake umepita mstari mwembamba wa kahawia, umelainishwa kwa ustadi mpaka unakaribia kupotea. Akaunusa. Gundi, na nyuma ya gundi, chai.

Akaubonyeza kwa ukucha. Ukucha ukazama.

Inspekta alikaa vile vile, kachuchumaa. Gundi ya mbao haingoji wiki kukauka. Hiki kitu kilikuwa bado kibichi. Kimejazwa jana, pengine leo asubuhi. Na Taratibu yuko ndani, kafungiwa, ufunguo anao askari wa zamu.

"Fundi wako wa kupita," akasema bila kugeuka, "amepita lini mara ya mwisho?"

"Wiki mbili zilizopita. Akamaliza, akaenda zake."

"Hajarudi?"

"Hajarudi. Kwani vipi, afande? Naweza kwenda kuzima jiko?"

"Jiko litajizima. Kaa."

Mjane akakaa. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo, na alilifuta kwa mgongo wa mkono kana kwamba anamfukuza inzi.

Sajini akamsogelea bosi wake, akachuchumaa kwa shida, akanong'ona kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayosikika hadi barabarani. "Afande, mimi naona wazi. Amemuua mumewe, amemficha stoo, akaziba mlango. Mbao hizi ni za kuzuia harufu."

"Unasikia harufu?"

Sajini akavuta pumzi. "Nasikia vanishi."

"Basi nyamaza kidogo."

Lakini wazo hilo nalo lilimwingia, na lilimtisha. Hivi kwa wiki zote hizo mama huyu alikuwa ameegemea kaburi la mwanawe? Akamgeukia. Mama mzee alikuwa anawatazama kwa uvumilivu, kama anayetazama watoto wa jirani wakicheza kwenye bustani yake.

"Mama, kiti hiki nani alikiweka hapa?"

"Nilikileta mwenyewe, niliporudi kutoka kwa dada yangu. Walinipeleka kule nikaliwazwe. Nilivyorudi nikakuta ukuta umevalishwa." Akaupapasa ubao wa fremu kwa vidole vilivyokunjamana. "Naupenda kwa sababu unakohoa."

"Mama, jamani," mjane akasema.

"Unakohoa. Usiku mkishalala. Kikohozi kile kile cha mwanangu cha vumbi la mbao, kifupi, halafu anasafisha koo. Nimewaambia, wakaniambia ni majonzi. Nami najua ni majonzi. Lakini nikikisikia napata usingizi, kwa hiyo nimekaa karibu nacho."

"Ni panya hao," mjane akasema, macho chini. "Nyumba hii ina panya sana."

"Panya wanaokohoa?" Sajini akauliza. Alikusudia mzaha. Lakini yalipomtoka tu aliyasikia maneno yake mwenyewe, na uso wake mpana ukabadilika.

Inspekta akasimama. Akaanza kutembea polepole kandokando ya ukuta, akifuata skatingi kwa ncha ya kiatu. Ubao ulikuwa mrefu, mmoja, umetoka pembe ya kwanza bila kiungo. Fundi mwenye ubao mrefu haukati katikati, hana sababu. Ila nyuma ya kiti cha mama palikuwa na mkato, mwembamba kama unywele, na hatua moja kubwa mbele yake mkato mwingine. Mikato yote miwili ilisimama sawasawa chini ya kingo za fremu moja, hii hii aliyokuwa akiipapasa mama. Na sakafuni, kutoka mkato wa kwanza, ulikuwa umechorwa mkwaruzo uliopinda, kitu kama nusu mwezi, na mguu wa kiti ulikuwa umesimama juu yake.

Mama alikuwa ameweka kiti chake mbele ya mlango. Anayeutaka alilazimika kungoja mpaka mama aende kuoga au kulala.

"Mama, naomba usimame kidogo. Sajini, mshike mkono."

Walipokiondoa kiti, mjane alifunika uso kwa nguo yake nyeusi, akaanza kutikisika mabega. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno.

Inspekta angeweza kuivunja fremu ile. Hakuivunja. Alisimama mbele yake, nzuri, ya rangi ya asali, akaizungumzia, na Sajini alisimulia baadaye kantini kwamba hapo ndipo alipodhani afande wake amechanganyikiwa.

"Kesho mdogo wako anasomewa shtaka la kukuua," akasema. "Akipatikana na hatia, hatoki tena. Mimi ndiye niliyemkamata, kwa hiyo aibu yangu naijua. Yako sijaijua bado. Kama uko hai, ni sasa."

Maji yalisikika yakichemka jikoni. Mama mzee alikuwa amemshika Sajini mkono, na Sajini alisema vidole vile vilikaza kama koleo.

Ukuta ukakohoa.

Kikohozi kifupi, kilichobanwa, kikashindikana kubanwa zaidi. Halafu mtu akasafisha koo.

Mama akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Sajini, na unene wake wote, akaruka nyuma na mama mzee mkononi, karibu waanguke wote wawili. Na Inspekta, aliyekuwa ameshakisia, aliyekuwa ameshajua tangu ukucha ulipozama, alishangaa kujikuta mdomo wazi. Kujua ni kitu kimoja. Ukuta kukohoa ni kingine.

Kitasa cha mbao kikalia kwa ndani. Fremu ikafunguka na kipande chake cha skatingi, vyote pamoja, kimya kabisa, bila kuchubua rangi hata kidogo. Ilikuwa kazi safi.

Milimita akatokea. Hakukonda. Ndevu amenyoa, mashavu yamejaa, maranda ya mbao kwenye nywele, kwenye kiganja cha kushoto kovu refu jekundu lililoanza kupona. Nyuma yake kulikuwa na godoro, taa ndogo, chupa ya chai na randa. Akafikicha macho kwa sababu ya mwanga. Kisha akamwona mama yake, akasema kitu cha kwanza kilichomjia, kitu alichokuwa akikisema tangu alipojua kusema.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia.

"Keti," Inspekta akamwambia. "Hapo chini. Damu ilikuwa ya mkono huo?"

"Nilijikata mwenyewe." Akakaa sakafuni, akawa mdogo ghafla. "Yule muuguzi alikufa kwa kazi yangu, afande. Ningefungwa. Nikasema nipotee kidogo, watu waseme nimevamiwa na majambazi, mambo yakipoa tuhame. Siku mlipopekua nilikuwa juu ya dari. Sikujua mtamshika Taratibu. Wallahi sikujua."

"Na ulipojua?"

Milimita akazitazama nyayo zake.

"Tulikuwa tunataka kusema," mjane akasema ndani ya nguo yake. "Kila wiki tulisema wiki hii tutasema."

"Shati lilifikaje chini ya meza ya mdogo wako?"

"Ilikuwa giza, nilisukuma tu popote. Meza zetu zinafanana."

Inspekta akamwangalia. Alikuwa ameshakutana na wezi, walevi, na mwanamume aliyemuuza mkewe. Lakini huyu alimshinda. "Nieleze kitu kimoja. Ulishajificha. Ulishamaliza ukuta. Hakuna aliyekushuku. Ile kona umeijaza jana kwa nini?"

Milimita akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuwa na jibu analoliamini. "Mbao zilikauka, zikaachia. Nafasi ndogo tu, lakini mtu akiingia mlangoni anaiona. Mama alikuwa anaoga. Sikuweza kuiacha vile."

Sajini, ambaye nyumbani kwake kabati halifungi, alimtazama mtu huyo kwa mdomo uliolegea, kisha akaitazama ile kona, kisha akamtazama tena. Akatoa pingu kiunoni taratibu, kama mtu aliyesahau zinavyotumika.

Mama alikuwa amejitoa mkononi mwa Sajini. Akasogea mpaka miguuni pa mwanawe, akainama, akamgusa nywele. Akatoa kipande cha maranda, akakitazama. Inspekta alidhani sasa atalia, na alijiandaa kwa hilo, maana kulia ni kitu anachokijua.

"Kile kikohozi kilikuwa chako," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nami nilikuwa nalia hapa. Kichwa nimekilaza hapa." Akaonyesha ubao. "Ulikuwa unanisikia?"

Milimita akamtazama mkewe. Mjane akalia kwa sauti.

"Nakuuliza wewe. Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia, mama."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama aliyeambiwa bei ya kitu na kuona haiwezi. Akakiweka kile kipande cha maranda juu ya mto wa kiti, kwa uangalifu. Kisha akazunguka sebule akitafuta kitu chini ya meza, chini ya kochi.

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Mama, utakwenda wapi jioni hii?" mjane akauliza. "Mwanao amerudi. Mwanao huyu hapa."

Mama alivipata viatu nyuma ya mlango, akavivaa huku mkono mmoja ukiegemea ukutani, ukuta wa upande wa pili, ule usio na mbao. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Ile shikamoo uliyoniletea, umeshairudisha?"

Inspekta akatikisa kichwa kukana.

"Basi nipeleke aliko," mama akasema. "Nataka nikaiitikie mwenyewe."